Herufi Hewa na Herufi Wastaafu

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa Kiingereza kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, Tabora

Mwangaluka!

Haya, mmeitikia kama watu waliokunywa uji. Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wajukuu zangu, nashukuru kwa kunikaribisha chini ya mwembe huu. Niliombwa nizungumze juu ya msamiati wa Kiingereza. Aliyeniomba, nadhani, alitaka nije na orodha: maneno mia, maana mia, mkakariri, mtihani ukapita, mkasahau. Orodha sikuja nayo. Nimekuja na kesi ya kisu.

Juma lililopita mjukuu wangu wa darasa la sita alikuwa mezani kwangu na daftari lake. Ameandika “knife”, amelitazama, akaniuliza, “Babu, hii k hapa mbele inafanya kazi gani?” Nikamjibu kwamba haitamkwi. Akasema, “Kumbe ni mfanyakazi hewa.”

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mtoto huyu husikiliza redio kuliko mimi. Jina liko kwenye orodha ya mishahara, mwenyewe kazini hajulikani: ndivyo ilivyo hiyo k. Lakini usiku, usingizi ulipogoma kuja, nikaona kuwa mtoto amekosea. Mimi mwenyewe kila mwezi jina langu limo kwenye orodha ya malipo, na hakuna anayeniona darasani. Je, mimi ni hewa? Mimi ni mstaafu! Nilishika chaki mpaka mapafu yakawa meupe. Hewa ni yule ambaye hakuwahi kuishika hata siku moja, lakini jina lake limechomekwa.

Basi, wajukuu zangu, Kiingereza kina herufi kimya za aina hizo mbili, na mtu akishajua kuzitenganisha, maneno yanaacha kuwa rundo na yanakuwa koo na milango. Leo nataka tufanye uhakiki.

Tuanze na hiyo k. Waingereza wa kale waliitamka. Neno lenyewe la kisu waliokota kwa watu wa Skandinavia, waliokuja na majahazi yao wakakaa, na hao walisema “knífr”, k na n zikigongana meno bila irabu katikati. Mwaka 1476 bwana mmoja, William Caxton, alileta Uingereza mtambo wa kwanza wa kuchapa vitabu, akaufunga Westminster. Wachapaji waliandika k kwa sababu k ilikuwa inasikika. Baada ya hapo tahajia ikaanza kuganda, vinywa vikaendelea kutembea. Kufikia mwisho wa miaka ya 1600 k hiyo ilikuwa inanyamaza kwa watu wengi. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755 aliikuta imeshastaafu, akaiachia kiti chake pale mbele, na hakuna aliyeiondoa mpaka leo.

Kama mnataka kuisikia ikifanya kazi, msikilizeni Mjerumani. Wale waliofikisha reli hapa Tabora mwaka 1912 waliliita goti “Knie”, k na n zote zikisikika, na wajukuu zao wanasema hivyo hadi leo. Waingereza waliotutawala baada yao wameandika “knee”, wakatamka “nii”. Ni neno moja, ndugu wawili, mmoja bado yuko kazini.

Hapa nina malalamiko yangu binafsi, mtanivumilia. Nikiwa mdogo niliitwa kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Nikafika kwenye kisu, nikasoma kwa heshima zote, “kinaifu.” Mwalimu wangu wa wakati huo, jina lake silitaji, alikuja akanipiga konzi mbili za utosini. Mnajua konzi hupigwa kwa nini? Kwa vifundo vya vidole. Na vifundo vya vidole kwa Kiingereza ni “knuckles”, nalo linaanza na k ile ile. Kwa hiyo niliadhibiwa kwa k moja kwa kosa la kutamka k nyingine. Ukiondoa ile i niliyoipachika mimi, miaka mia nne kabla ya hapo, huko Uingereza, ningepewa vema.

Sasa tuache kulia, tuangalie ukoo wenyewe. “Knee”, goti. “Knuckle”, kifundo cha kidole. “Knot”, fundo la kamba. “Knob”, kinundu, kama kile kishikio cha mviringo cha mlangoni. “Knoll”, kilima kidogo cha mviringo. “Knit”, kufuma sweta, ambalo asili yake ni kufunga mafundo, ni mtoto wa “knot”. Mnaona nini? Kila mahali pana uvimbe, kitu kimejikusanya. Nilifundisha maneno haya miaka mingi sana bila kuliona jambo hili, kila moja nalifundisha peke yake, leo goti, mwezi ujao kamba. Aibu yangu.

Na jambo lililonifanya nikae kitandani ni hili: Kiswahili kinafanya vile vile, tena bila herufi kimya. Kamba ina fundo. Muwa una mafundo. Mguu una kifundo, mkono una kifundo. Na yule jirani uliyemkosea mwaka juzi akakataa kukusamehe, tunasema ana fundo moyoni. Waswahili waliona kamba, wakaona mwili, wakaona chuki, wakasema hiki ni kitu kimoja. Kwa hiyo mkilibeba fundo mkononi, ukoo wote wa kn mtaukuta njiani unawasubiri.

Fundo hilo hilo limekwenda mpaka ziwani na baharini. Kule Kigoma kuna meli kongwe ya Liemba, na kasi ya meli Waingereza huitaja kwa “knots”. Si mzaha. Mabaharia wa zamani walitupa majini kamba yenye mafundo kwa nafasi sawa, wakageuza chupa ya mchanga, kisha wakahesabu mafundo mangapi yamepita mkononi kabla mchanga haujaisha.

Wako pia wawili katika ukoo wa kn ambao hawana uvimbe wowote, lakini hadithi yao naipenda. “Knight” na “knave”. Mwanzoni wote walikuwa kitu kimoja: kijana wa kiume, mtumishi. Mmoja akapewa farasi na upanga, akapanda cheo mpaka kuwa shujaa wa mfalme. Mwingine alibaki akitumwa maji na kuni, jina lake likateremka mpaka kuwa tusi: “knave”, mlaghai, mtu wa hila. Wazee wa Pwani wakicheza karata, ile yenye picha ya kijana wanaiita ghulamu, na ghulamu maana yake ni hiyo hiyo, kijana. Waingereza wa zamani nao karata ile ile waliiita “knave”. Sijui nani asikitike hapo.

Na “know”, kujua. Hili k yake ina ndugu ambao hawajastaafu. Shina lake ni moja na lile la Kilatini na Kigiriki linaloanza na gn, ndiyo maana g inasikika katika “ignorant”, asiyejua, na “diagnosis”, kujua ugonjwa. Halafu kuna “acknowledge”, kukiri jambo. Hebu litamkeni taratibu. K imesikika au haikusikika? Imesikika! Huyo ni mstaafu aliyerudishwa kazini kwa mkataba.

Sasa wr.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndio ukoo niupendao. W ya mbele nayo ilikuwa ikitamkwa, nayo imestaafu. Sikilizeni maana zao. “Wring”, kukamua nguo kwa kuisokota, kama mama zenu wanavyofanya na blanketi. “Wrist”, kifundo cha mkono, kile kinachouwezesha mkono kugeukageuka. “Wriggle”, kujinyonganyonga kama mnyoo juu ya mchanga wa moto. “Wrestle”, kupigana mieleka. “Wrinkle”, mkunjo wa ngozi, kama huu hapa usoni kwangu, njooni mwone bila malipo. “Wreath”, shada lililosukwa kwa mduara. “Wrench”, kupindua kwa nguvu, na pia spana ambayo fundi hupindulia nati. “Wry”, lililopinda, kama tabasamu la mtu anayekucheka upande mmoja wa mdomo. Je, kuna hata moja lililonyooka?

Aliyeliona hili mapema ni mtu mnayemjua bila kumjua. Kile kialama cha hesabu kama nane iliyolala, cha kitu kisicho na mwisho, aliyekianzisha ni John Wallis, mwaka 1655, profesa wa Oxford. Miaka miwili kabla ya hapo, 1653, Wallis alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza, akakiandika kwa Kilatini, na humo akasema kuwa wr ni alama ya kupinda na kusokota. Akataja hicho kifundo cha mkono kuwa hujisokota chenyewe na kusokota vingine vyote. Mtu wa hesabu! Nawaambia hivyo kwa sababu kuna wenzenu wa mchepuo wa sayansi wamekaa kule nyuma wakidhani hotuba hii haiwahusu.

Katika ukoo huu wa wr yumo mmoja mnayekutana naye kila siku kwenye karatasi za mtihani, kwa wino mwekundu. “Wrong”. Asili yake kwa watu wale wale wa Skandinavia ni kitu kilichopinda. Na kinyume chake, “right”, asili yake ni kilichonyooka. Kwa hiyo Mwingereza akisema jibu lako ni “wrong”, chini kabisa anasema limepinda. Na sisi je? Mambo yakiharibika tunasema yamekwenda kombo. Mtu mwadilifu tunamwita mnyoofu. Hakuna aliyemwiga mwenzake hapo. Ni kwamba kila mtu aliyewahi kuchonga mpini wa jembe, Unyanyembe au Uingereza, anajua ubaya wa mti uliopinda.

Sasa sisi watu wa Tabora tuna msiba wetu wa ziada. Kinyamwezi cha bibi zetu hakina r, kina l tu, basi mtoto anakuja shuleni na l mdomoni, na kwa Kiingereza anakutana na “right”, “light” na “write”, zote zinageuka “laiti”. Niliwahi kusahihisha daftari ambamo mwanafunzi alisahihisha kazi yake mwenyewe, akaandika chini, kwa unyenyekevu mkubwa, “My answer is long.” Jibu lilikuwa la maneno matatu. Alitaka kusema limekosewa. Nikampa alama moja ya ukweli.

Lakini msichukue ukoo mkaufanya dini. “Write”, kuandika, lina wr na halina kupinda kokote. Asili yake ni kukwaruza, kuchora alama kwenye ubao au jiwe kwa ncha kali. Wallis alilitia pia “wreck”, meli iliyovunjika, kwenye kundi la kupinda, na hapo mimi simfuati, kwa sababu asili ya neno hilo ni kusukumwa, kitu kilichosukumwa na bahari hadi pwani. Profesa naye hukosea.

Sn nitaipitia mbio, maana ni ya kuchekesha zaidi kuliko ya kufundisha. Yote ni pua. “Snore”, kukoroma. “Sniff”, kunusa. “Snout”, pua ndefu kama ya nguruwe. “Snot”, kamasi, neno lisilo la mezani. “Snuff”, ugoro, na hapa katika mkoa wa tumbaku hakuna haja ya kueleza zaidi. Na “sneeze”, kupiga chafya, ambalo ndilo lenye kisa. Zamani halikuwa na sn, lilikuwa na fn: “fnesan”. Maneno ya fn yakafa moja moja, hili likabaki yatima, na baada ya miaka likahamia kwa jirani wa sn, kwenye nyumba ya pua, likafuata mila za wenyeji. Hata hivyo “snake”, nyoka, na “snail”, konokono, wana sn na pua hazihusiki, kwa hiyo tahadhari ni ile ile.

Na ile gh? “Night”, “light”, “eight”, “daughter”. Hiyo ni mstaafu wa daraja la juu. Ilikuwa sauti ya kooni, karibu na ile kh ambayo wazee wetu waliiandika katika kheri kabla haijawa heri. Mjerumani bado anayo: usiku kwake ni “Nacht”, nane ni “acht”. Kwa Mwingereza imenyamaza hapo, na kwingine imegeuka f, kama katika “laugh”, kucheka, na “cough”, kukohoa. Ndiyo, inakera. Nasi tulipoiacha kh hatukuwaacha wanafunzi wetu wakiiandika bure. Waliokaa kusanifisha Kiswahili, na kamati yao ilianza kazi mwaka 1930, walitaka tuandike tunavyotamka, na kwa hilo mimi huwaombea dua kila ninaposahihisha imla.

Nimeahidi uhakiki, kwa hiyo tuwatafute hewa wenyewe.

Hewa wa kwanza yumo ndani ya neno lenye maana ya mzuka: “ghost”. Babu zao waliandika “gast”, hamna h. H iliingia zama za yule Caxton na mtambo wake. Caxton aliishi miaka mingi Bruges, katika Ubelgiji ya leo, kwa Waflemi, na Waflemi waliandika neno lao kwa gh, na tahajia hiyo ikaingia kwenye vitabu vya Westminster. H hiyo haijawahi kutamkwa kwenye neno hilo, hata kwa siku moja. Mzuka wenye herufi ya mzuka. Aliyepanga hivyo alikuwa na ucheshi, au hakuwa na msahihishaji.

Hewa wa pili ni b ya “debt”, deni. Waingereza walilipata neno hili kwa Wafaransa, likiandikwa “dette”, bila b yoyote. Baadaye wasomi waliokuwa wamelewa Kilatini wakakumbuka kuwa babu wa neno hilo ni “debitum”, wakaichomeka b ili lionekane limetoka familia bora. Wakafanya hivyo hivyo kwa “doubt”, shaka. Wakaichomeka p katika “receipt”. Lakini sisi neno hilo tulilipokea kwa sikio, si kwa karatasi, tukasema risiti, na p ikabaki forodhani. Ukidai risiti dukani leo unadai neno safi kuliko alilonalo mwenye lugha.

Wa tatu ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu hata ukoo aliodai si wake. “Island”, kisiwa. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno lake lenyewe, “iegland”, halikuwa na s wala halikutoka kwenye Kilatini. Wasomi wakaliona linafanana na “isle”, ambalo kweli limetoka kwa “insula” ya Kilatini, wakalipachika s ya jirani. Hiyo si hewa tu, hiyo ni kughushi cheti.

Mtaniuliza, Mwalimu, haya yananisaidiaje kwenye mtihani? Yanasaidia hivi: aliyejua kuwa “two”, mbili, ina w ya mstaafu, na kwamba watoto wake bado wako kazini, w inasikika katika “twelve”, “twenty”, “twice” na “twin”, huyo hataiandika tena bila w. Mwingine atakariri, ataandika kwa mashaka, atafuta, ataandika tena. Mimi nimeona karatasi zilizotobolewa kwa kufuta.

Nikarudi kwa mjukuu wangu, kwa kuwa kesi ni yake. Nilimweleza yote haya jioni ya pili, knife ni mstaafu, debt ni hewa. Akasikiliza, akatoka, akarudi na daftari lile lile. Akauliza, “Babu, na hii l ya ‘could’?” Nikamwambia, “would” na “should” zina l zao za haki, zilikuwa nazo tangu kale, zilizitamka, zikastaafu. “Could” haikuwahi kuwa na l. Iliona majirani wawili wanayo, ikajipachika ifanane nao.

Hakusema kitu. Alikwenda kwenye mkoba wangu wa zamani wa kusahihishia, akachukua kalamu nyekundu, akaizungushia l ile, na pembeni, kwa mwandiko wa darasa la sita, akaandika: Arudishe mishahara yote.